Umesimama Shambani Kwangu: Wanawake na Pwani ya Paje na Jambiani



Kila ikifika Mfunguo Mosi na harusi zikaanza kufuatana, maswali tunayoletewa huwa ni yale yale. Pwani gani ina nafasi kwa watu wa stara? Maharusi wakitaka kumalizia fungate yao kwenye hema badala ya hoteli, waende wapi? Boti ya kwenda kuvua hukodiwa vipi, na nahodha atakubali kuchukua wanawake peke yao? Mengi ya hayo tumeshayajibu na tutayajibu tena inshallah. Leo tunaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe Paje.

Tulikuwa tumemsindikiza bibi harusi kwenda kupigwa picha, wiki moja kabla ya ndoa. (Zamani mwari asingetoka nje siku hizo, angekuwa ndani anasuguliwa singo na somo wake, lakini tuyaache hayo.) Ilikuwa saa nne asubuhi, maji yamepwa mpaka karibu na mwamba, mchanga mweupe kama unga. Mpiga picha akamwambia asogee nyuma, asogee tena, tena kidogo. Mara tukasikia sauti ya upole kutoka upande wa baharini. Alikuwa bi mkubwa mmoja, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, gunia la maji maji begani. Akasema, "Mwanangu, umependeza mashallah. Lakini umesimama shambani kwangu."

Tukatazama chini. Vigingi vidogo vya miti vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, na kati yao kamba zenye mwani. Pindo la gauni lilikuwa limenasa kwenye mojawapo.

Tuliona haya. Sote ni watoto wa visiwa hivi, na bibi zetu kadhaa walizaliwa kusini huko huko, na bado tuliiona pwani ile kama pazia la kupigia picha. Tuliporudi mjini tukaanza kuuliza wazee na kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Bahari inayohesabiwa kwa mwezi

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu, kupitia Paje, mpaka Jambiani, haifanani na pwani ya mjini. Mbele yake kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi ya bahari kuu, na kati ya mwamba na ufukwe kuna eneo pana la maji ya kina kifupi. Siku za bamvua maji ya Zanzibar hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita nne. Yakipwa, eneo lile la ndani hubaki wazi karibu lote, na mtu huweza kutembea kwa miguu kilomita nzima kuelekea baharini. Yakijaa hurudi mpaka kwenye minazi. Mgeni akiiona pwani hiyo asubuhi na kuiona tena alasiri hudhani ameletwa mahala pengine.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapopevuka. Na hapa ndipo tulipostaajabu. Kwa namna maji yetu yanavyokwenda, siku za bamvua hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Maana yake mama ameshasali Alfajiri, ameshawapa watoto chai na kuwapeleka chuoni, ndipo anaposhuka na maji yanayoshuka; na anakuwa ametoka, ameoga, yuko jikoni, Adhuhuri inapoadhiniwa. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50, mpaka baada ya wiki hivi yanakuwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Hizo ndizo siku za kukaa nyumbani, kusuka ukili, kwenda msibani na harusini. Kisha bamvua linarudi.

Kwa hiyo kalenda ya Hijria kwa wanawake wa huko haikuwa ya Ramadhani na kuhesabu eda tu. Ilikuwa ndiyo saa yao ya kazi. Mwezi mosi hadi mwezi tatu, tena mwezi kumi na tano hadi kumi na saba hivi, bahari inaita. Ukimuuliza bi mkubwa wa Jambiani leo mwezi ngapi, hatafuti simu.

Na bahari yenyewe iligawanyika. Ya wanaume ilikuwa nje ya mwamba, kwa ngarawa na dau, kwa mshipi na jarife. Ya wanawake ilikuwa ndani ya mwamba, kwa miguu. Huko walichokoa pweza mashimoni kwa kijiti kirefu, wakaokota chaza na kome, na wakatanda: wanawake kadhaa wanashika ncha za shuka au kipande cha wavu, wanazunguka polepole, wanainua kwa pamoja, na mna dagaa na uduvi ndani yake. Vitabu vingi vinavyoeleza uvuvi wa pwani yetu huanza na mashua. Chungu nyingi za kitoweo hazikungoja mashua.

Dema, makumbi na kauri

Kipo kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki yapata miaka 2,000 iliyopita, kinachojulikana kama Periplus. Kinataja kisiwa cha upande wetu kwa jina la Menouthias, na wataalamu mpaka leo wanabishana kama ni Unguja, Pemba au Mafia. Sisi hatuingii ugomvi huo, Wapemba wasije wakatununia. Kinachotugusa ni kwamba mwandishi alieleza mambo mawili ambayo mtoto yeyote wa pwani atayatambua: watu wa kisiwa walikuwa na mashua za kushonwa kwa kamba, na walikamata samaki kwa vikapu vilivyosukwa na kuwekwa kwenye mianya ya mwamba. Hayo ni madema. Yanasukwa mpaka leo.

Mashua za kushonwa zilihitaji kamba, na kamba ilitoka kwenye makumbi ya nazi. Hapa tunaomba tukae kidogo, maana hii ilikuwa kazi ya wanawake na inaelekea kusahauliwa.

Ukitembea Jambiani maji yakiwa yamepwa utaona mawe yamekusanywa kwa duara mchangani, kama kaburi dogo lisilo na mtu. Hilo ni shimo la makumbi. Mwanamke huchimba shimo kwenye sehemu ambayo maji huifikia, hupanga makumbi humo, huyafunika kwa mchanga na mawe yasichukuliwe na mawimbi, kisha huyaacha yaoze kwa miezi. Hakuna kibao chenye jina, lakini kila mmoja anajua lipi lake na lipi la shoga yake. Yakiiva hufukuliwa, na harufu yake, wapenzi wetu, tusiisimulie kwenye ukurasa wa manukato. Hupondwa kwa rungu mpaka ubaki usumba, yaani nyuzi tupu, zikaoshwa, zikaanikwa, kisha zikasokotwa kwa viganja, jioni barazani, huku mazungumzo yakiendelea.

Kamba hiyo ndiyo iliyoshona mitepe, vile vyombo vya kale visivyo na msumari hata mmoja, vilivyotoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiyo iliyofunga makuti ya paa, ikaning'iniza ndoo ya kisimani, ikatandaza kitanda alicholazwa bibi harusi. Aliyeuza kamba alipata fedha mkononi mwake mwenyewe, na dini yetu inasema wazi kuwa fedha hiyo ni yake, mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake. Bibi zetu hawakuhitaji semina kulijua hilo.

Halafu kuna kauri. Kwenye miamba ya pwani yetu hupatikana kauri ndogo yenye duara la rangi ya dhahabu mgongoni. Watoto huchezea. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, waligundua kuwa kauri kama hizo zilitumika kuwa fedha Afrika Magharibi, wakaanza kuzinunua huku kwa bei ndogo na kuzipeleka kule kwa shehena za meli. Kampuni ya O'Swald ilifungua nyumba yake ya biashara Unguja mwaka 1849. Zile kauri ziliokotwa na watu wa pwani, maji yakiwa yamepwa, mojamoja, kwa mkono. Mgongo ulioinama ufukweni ulilisha meli za Hamburg.

Na Hamburg ikaacha alama nyengine kwetu. Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka mji huo huo, ndiye aliyependana na Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa kwenye jumba la Mtoni lililo ufukweni kabisa. Mwezi wa Agosti 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri ndani ya Highflyer, manowari ya Waingereza. Yaliyofuata, kubadili dini kwake na miaka yake ya Ujerumani, wengi mnayajua, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Kilichotushughulisha sisi ni namna alivyofika majini. Zilikuwa siku za Mwaka, Nairuzi, ambapo wanawake walizoea kushuka pwani usiku kwenda kuoga baharini. Salme alishuka kama wengine. Hakuna aliyeuliza kwa nini wanawake wako ufukweni usiku, kwa sababu usiku ule ufukwe ulikuwa wao, hata kwa mabanati wa kifalme ambao siku nyengine hawakutoka ila kwa shela na wasindikizaji.

Huenda mkauliza, mbona Mwaka ulikuwa Agosti na siku hizi Mwaka Kogwa wa Makunduchi huwa Julai? Ni kwa sababu hesabu ya Nairuzi ni siku 365 kamili, haina mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne inarudi nyuma siku moja. Na neno kogwa ni kuoga. Kwa miaka mingi watu wa pwani, wanaume na wanawake kila upande kwa upande wake, waliamkia baharini siku hiyo. Masheikh wetu wengi wana neno juu ya baadhi ya mambo ya sherehe hizo, na wana haki ya kusema. Sisi tunataja historia tu.

Hema za wanaume: dago

Kuna wanaodhani kulala pwani ni mtindo wa wageni wenye mabegi makubwa mgongoni. Wavuvi wetu wamelala pwani kwa karne na karne, na mtindo huo una jina: dago.

Mvuvi hufuata samaki, na samaki hufuata upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba hivi mpaka Machi, bahari ya mashariki ina tabia nyengine kabisa na ile ya Kusi, kati ya Mei na Septemba. Kwa hiyo wavuvi huhama. Mabingwa wa dago ni watu wa Kojani, kile kisiwa kidogo cha Pemba, ambao wamefika na vyombo vyao mwambao wa Kenya, Mafia na kusini ya Tanzania bara. Wakifika pwani ya watu huomba idhini kwa wazee wa mji, hujenga vibanda vya makuti, hulala juu ya matanga yaliyokunjwa, hupika mchangani, hukausha samaki wao, na msimu ukigeuka hutweka na kuondoka. Mwenyeji hakupewa kodi. Alipewa kitoweo, na aliyesaidia kuvuta chombo nchi kavu alipewa fungu lake, awe mzee au mtoto.

Mtu aliye dagoni maji ya kunywa huyapima. Hapo ndipo tunapokumbuka ile hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ya mtu aliyemwendea Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, akamweleza kuwa wao husafiri baharini wakiwa na maji machache matamu, wakiyatumia kwa udhu watashikwa na kiu. Je, watawadhe kwa maji ya bahari? Jawabu lilikuwa kwamba maji ya bahari ni twahara na kilichofia humo ni halali. Somo la fiqhi tulilosomeshwa chuoni limeanzia kwenye swali la mtu wa chomboni. Nyinyi mnaokwenda fungate ya hema, mkiishiwa maji ya dumu, fatwa yenu iko pale.

Na wake wa wavuvi? Walibaki, miezi mitatu, minne, bila simu. Waliendesha nyumba, wakaamua mambo ya watoto, wakalipa madeni dukani kwa pesa ya kamba na pweza. Mwanamke aliyeachiwa nyumba msimu mzima halafu akaambiwa hajui mambo ya fedha, atacheka.

Mwani

Turudi kwa bi mkubwa wetu na shamba lake.

Mwani wa asili uliokotwa na kuuzwa nje kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuupanda. Utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio uliofungua njia ya kuulima, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino. Mwani huo haulimwi kwa ajili ya kitoweo chetu. Hukaushwa, husafirishwa nje, na hutolewa ndani yake kitu cha kugandisha kinachotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu, losheni na vyakula vya viwandani. Huenda losheni iliyo mezani pako wakati unasoma haya ina jasho la Paje ndani yake.

Kazi yenyewe ni hivi. Vigingi viwili vinapigwa mchangani, kamba inafungwa kati yao, na kwenye kamba vinafungwa vipande vya mwani kwa vikamba vidogo, kimoja baada ya kimoja. Baada ya kiasi cha wiki sita umekua na unavunwa. Kwa hesabu ya wenyewe ni bamvua la kupanda, na bamvua la tatu baada yake la kuvuna. Magunia ya mwani mbichi ni mazito kupita kiasi, maji yanatiririka mgongoni, jua liko utosini, na unaukokota nchi kavu kuuanika. Wanaume wengine walijaribu mwanzoni wakaacha, wakisema malipo hayalingani na uzito. Wanawake wakabaki, na leo ndio walio wengi sana katika wakulima zaidi ya 20,000 wa mwani Zanzibar.

Mbona mashimo ya makumbi yakapungua? Mwani ulilipa haraka zaidi. Na fedha ile ya miaka ya mwanzo ilionekana kwa macho. Kuta za udongo zikawa za matofali, makuti yakawa mabati. Watoto wa kike wakapata sare za skuli. Makabati ya vyombo yakaingia, na mama akaweza kumtoa mwanawe harusini bila kumsubiri mtu. Wapo waume walionuna, wakasema mwanamke akishika pesa haambiliki. Wapo waliopiga mahesabu wakaona nyumba imejengeka, wakanyamaza.

Lakini tusiupambe. Bei haikai mkononi mwa mkulima, na mwani mwembamba ambao ndio unaostahimili ni wa bei ya chini. Ule mnene, kotoni, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imekuwa ya moto. Unageuka mweupe, unalainika, unakatika. Ili kuupata inabidi kuingia maji marefu zaidi, ambako maji hayapwi yakaisha. Na hapo linakuja jambo zito: wengi wa wanawake hawa, waliozaliwa hatua hamsini kutoka baharini, hawajui kuogelea.

Hatukufundishwa. Ndiyo kweli yenyewe. Bahari tuliijua kwa miguu. Tuliambiwa kuogelea ni kwa wavulana, na nguo ndiyo ilikuwa sababu kubwa. Septemba 2011, usiku ilipozama meli ya Spice Islander njiani kwenda Pemba, kila mtaa wa visiwa hivi ulikuwa na msiba, na wapo akina mama kati yetu ambao tangu hapo wamebadili mawazo. Huko Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoana wakiwa wamefunikwa mwili mzima, na picha za wasichana wale, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo kwenye World Press Photo 2018. Hijabu haikuzama nao. Kwa hiyo yule aliyetuuliza kama burkini inafaa, jawabu letu ni kwamba inafaa, mradi usiishie kupigia picha. Jifunze kuelea nayo kwanza.

Na asije mtu akatuambia kuwa bahari si pahala pa mwanamke wa Kiislamu. Ummu Haram bint Milhan, radhi za Allah ziwe juu yake, alimsikia Mtume akieleza ndoto yake ya watu wa umma wake watakaopanda bahari katika njia ya Allah, akamuomba amuombee awe miongoni mwao. Aliombewa. Miaka ikapita, Mtume akatawafu, na katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman alipanda jahazi pamoja na mumewe kwenda Saiprasi, akafia huko kwa kuanguka kutoka kwenye mnyama aliyempanda. Kaburi lake liko Larnaca na linazuriwa mpaka leo.

Ufukwe ni wa nani

Wageni walianza kufika pwani ya kusini mashariki kwa idadi ya kuonekana katika miaka ya 1980 mwishoni, na nyumba za kulala wageni za makuti zikafunguliwa na wanakijiji wenyewe. Kisha zikaja hoteli kubwa. Kisha Paje ikagunduliwa na watu wa kaiti, wale wanaovutwa na upepo juu ya ubao, kwa sababu Kaskazi na Kusi zile zile zilizowahamisha wavuvi ndizo zinazowavuta wao. Kaiti inahitaji maji ya kina kifupi yasiyo na vizuizi. Mwani unahitaji hayo hayo. Mkulima anaondoa vigingi, anasogea, mwaka ujao anasogea tena.

Hatusemi utalii ni adui. Nusu yetu tunaoandika hapa tuna ndugu wanaokula kwa utalii. Tunasema tu lililotupata. Mwaka jana tulikwenda na familia ya bibi harusi, wanawake saba na watoto, tumebeba vyungu vya pilau na mkeka, tukakaa mchangani mbele ya hoteli ambayo hatutaitaja. Mlinzi akaja, kijana wetu wa Kiswahili hasa, akatuambia pale si pa wenyeji. Alisema kwa sauti ndogo, akiangalia chini, ilikuwa wazi ametumwa. Tulihama. Hatukupaswa kuhama.

Ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sheria ya Ardhi ya 1992 ikaendeleza hivyo. Mwekezaji hukodishwa, hauziwi. Ufukwe, pale maji yanapopanda na kushuka, ni njia na mahala pa wote. Kabla ya sheria hizo tulikuwa na hadithi inayosema watu ni washirika katika vitu vitatu, nayo ni maji, malisho na moto. Ukijumlisha hayo matatu umepata dago zima.

Basi atakayekwenda kupiga hema, aende. Amuone sheha kwanza, kama wavuvi wa Kojani walivyowaona wazee wa mji. Asiwashe moto kwenye mashimo ya makumbi. Hema liwe juu ya mstari wa takataka za baharini, hasa mwezi mosi na mwezi kumi na tano, maana tumeshawaona watu wameamshwa na maji kabla ya Alfajiri godoro linaelea. Boti ikodiwe kwa nahodha wa kijiji hicho hicho, na mkipata samaki, aliyewasaidia kuivuta apewe kitoweo chake.

Siku ile Paje, bi mkubwa alipiga magoti akalinasua pindo la gauni kwenye kamba, taratibu, bila kuchana uzi. Akamuuliza bibi harusi ndoa ni lini. Akajibiwa Ijumaa ijayo. Akatazama juu kidogo, akahesabu kwa vidole.

"Itakuwa mwezi tisa. Maji mafu. Basi nitakuja."

Alikuja, na pweza mkavu wawili wamefungwa kwenye ukili.